Tochi, Namba ya Malipo na Haki ya Kukataa

Dereva anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana na kibao cha 50 Kibaha, akakikuta tena Mlandizi, Chalinze, Mikese, Doma, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Mafinga, Makambako, Chimala na Igurusi, na katikati ya majina hayo kuna vijiji vingine ambavyo yeye anavijua kwa kibao tu. Kila kijiji kina mwanzo wake na mwisho wake: duara lenye ukingo mwekundu na namba 50, halafu mbele kidogo, au mbele sana, kibao cha kuruhusu. Baina ya vibao hivyo viwili kuna watoto wa shule wanaovuka, mama aliyepanga sado za nyanya ukingoni mwa lami, bodaboda wanaogeuza bila kutazama nyuma, na lori lililoegeshwa nusu barabarani. Na mahali fulani, mara nyingi kwenye kivuli, amesimama askari mwenye sare nyeupe ameshika kifaa ambacho nchi nzima inakiita tochi.

Sheria yenyewe ni fupi. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inataka gari lolote lisizidi kilometa 50 kwa saa maeneo ya makazi. Nje ya makazi, magari ya abiria na yale yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayatakiwi kuvuka 80. Gari dogo la binafsi linafuata vibao. Zanzibar ina sheria yake, Namba 7 ya mwaka 2003, kwa hiyo yote nitakayoeleza kuhusu Bara yasichukuliwe kuwa ndivyo yalivyo Unguja na Pemba.

Nasimama upande wa hiyo 50. Nalisema hili mapema kwa sababu sehemu kubwa ya sura hii inaudai mfumo wa faini mambo ambayo haujayatoa, na sitaki msomaji adhani nawatetea wanaokimbiza magari. Shirika la Afya Duniani limekokotoa kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa asilimia 1, uwezekano wa ajali ya kuua unaongezeka kwa asilimia 4. Mtembea kwa miguu akigongwa na mbele ya gari linalokwenda 65 badala ya 50, hatari ya kufa inapanda mara nne na nusu. Kilometa 15 hizo ndizo dereva anazoziita "nimezidisha kidogo tu." Vijiji vyetu vingi vya barabarani vimekua kwa kuifuata lami: watu wamejenga karibu nayo kwa sababu ndiyo soko lao, ndiyo kituo chao cha basi, ndiyo njia ya mtoto kwenda shule. Barabara hiyo hiyo mwenye basi anaiona kuwa ni ya masafa marefu. Anayeishi pale hana pa kuhamishia mguu wake.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara hii inakatiza mbugani kwa takriban kilometa 50, kibao kinawalinda pia nyati na swala, na kando yake kuna bango la faini za kugonga wanyama, moja baada ya jingine, kwa dola. Dereva anapunguza. Ameona kiasi, ameona mnyama, na ameona sababu. Bango lile nalipenda, kwa kuwa linamweleza mtu hesabu yake kabla hajakosea.

Sasa turudi kijijini, kwenye tochi. Kifaa kinapima mwendo wa gari kutoka mbali na kupiga picha inayobeba namba ya gari, mwendo, tarehe na saa. Mara nyingi aliyepima hasimamishi mtu. Anaituma picha kwa mwenzake aliye mbele, na huyo ndiye anayenyoosha mkono. Mazungumzo yanayofuata kila dereva wa Tanzania anayajua kwa moyo.

"Habari za safari, dereva?"

"Salama, afande."

"Leseni yako. Umepita pale na sabini na moja."

"Afande, pale kibao cha kuruhusu si nimeshakipita?"

"Hujakipita. Kiko mbele. Tazama picha."

Ugomvi wote umo ndani ya swali hilo la dereva. Mwendo wenyewe watu huukubali. Kinachobishaniwa ni kibao. Kimegongwa na lori kikalala, kimefunikwa na tawi la mwembe, kimeng'olewa na wauza vyuma chakavu, au kile cha kuruhusu hakikuwekwa kabisa, hivyo dereva amekisia mwenyewe mahali makazi yanapokwisha. Picha ya tochi inaonyesha gari. Kibao, au pengo palipotakiwa kuwa na kibao, haikionyeshi.

Faini ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Ukikutwa na makosa mawili, mkanda na taa iliyoungua kwa mfano, yanaweza kuandikwa mawili. Kwa waendesha bodaboda na bajaji kiasi kilishushwa hadi 10,000 kwa bajeti ya mwaka 2021/22, na Waziri wa Fedha wa wakati ule, Mwigulu Nchemba, ndiye aliyewasilisha pendekezo hilo bungeni Juni 2021. Lilikuwa jambo la haki. Kijana wa bodaboda aliyeandikiwa 30,000 alikuwa anapoteza jasho la siku kadhaa, na wengi walikuwa wanakimbia wakiona sare nyeupe, wakati mwingine wakiingia uso kwa uso na gari linalokuja. Faini kubwa kupita uwezo ilikuwa yenyewe inazaa hatari.

Ila 30,000 ya gari ina kasoro nyingine, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema ingepanda tu basi watu wangeogopa. Ni ile ile kwa aliyepita na 56 na kwa aliyepita na 110 mbele ya shule. Aliyeteleza kidogo anaona kaonewa, na aliyekuwa anaua anaona kapona. Kenya walilitazama hili kwa jicho jingine. Kanuni zao za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zimepanga ngazi: ukizidi kwa kilometa 1 hadi 5 unaonywa, 6 hadi 10 ni shilingi 500 za Kenya, 11 hadi 15 ni 3,000, 16 hadi 20 ni 10,000, na zaidi ya hapo shauri linakwenda mahakamani. Kutumia simu ukiendesha ni 2,000, kutofunga mkanda ni 500. Utekelezaji wake barabarani ni habari nyingine, na kwa miaka mingi dereva wa Kenya ameendelea kuzoea dhamana ya kituoni na foleni ya asubuhi mahakamani kuliko karatasi hiyo ya ngazi. Lakini ngazi yenyewe imefikiriwa vizuri. Inamwambia dereva kwamba serikali imeona tofauti kati ya kosa lake na la mwenzake.

Tuje kwenye fedha, kwa sababu hapo ndipo mabadiliko makubwa yametokea, na ni ya kusifiwa bila kubana maneno. Zamani noti zilipita mkononi mwa askari. Kulikuwa na kitabu cha stakabadhi, na kulikuwa na ile njia fupi isiyohitaji kitabu, ya kukunja noti ndani ya leseni na kuiita hela ya maji. Leo askari anaingiza namba ya gari na leseni kwenye mashine ndogo ya mkononi, karatasi inatoka, na kwenye karatasi ile kuna kosa, mahali, kiasi, na namba ya malipo, ambayo wengi wetu tunaiita kontroli namba. Namba hii ina tarakimu 12 na huanza na 99. Inatokana na mfumo wa serikali wa kukusanya malipo kwa njia ya kielektroniki, GePG, ulioanza kazi mwaka 2017, na ndiyo aina ile ile ya namba unayopewa ukilipia kiwanja, maji au leseni.

Kulipa kwake hakuhitaji elimu. Unafungua menyu ya fedha kwenye simu, iwe M-Pesa, Airtel Money, HaloPesa au mtandao mwingine, unachagua malipo ya serikali, unaingiza namba, kiasi, neno la siri. Au unakwenda kwa wakala wa NMB au CRDB pale stendi. Ujumbe unaorudi ndio stakabadhi yako, usiufute. Noti haiguswi na askari hata sekunde moja, na askari akikuambia umpe yeye ili akalipie, umekwisha kujua kuwa hapo hakuna faini tena.

Usipolipa ndani ya muda ulioandikwa, mfumo unaongeza adhabu juu ya kiasi cha mwanzo, na deni linabaki limeshikamana na gari. Unaweza kulitazama mwenyewe kwenye tovuti ya Jeshi la Polisi ya mfumo wa TMS kwa kuingiza namba ya gari: linaonekana deni, namba ya malipo, na kosa lilipoandikwa. Mtu yeyote anayenunua gari lililotumika hapa nchini aanzie huko kabla hajauliza bei ya mwisho. Gari linaweza kung'aa bodi na injini ikanguruma vizuri, huku likiwa na faini za Chalinze, Dumila na Singida ambazo muuzaji amezinyamazia. Mnunuzi akisimamishwa wiki ijayo, mashine haitauliza nani alikuwa kwenye usukani.

Kushikamana huko kwa deni na gari kunaumiza pia watu wasio na gari. Daladala nyingi zina tajiri wake, na dereva anapeleka hesabu kila jioni. Faini ikiandikwa, tajiri anataka hesabu yake kamili. Dereva ndiye anayelipa kutoka kwenye kile kidogo kilichobaki, na mara nyingine anamkata konda. Haya yanaeleweka kosa likiwa ni la mwendo. Lakini kosa likiwa ni tairi kipara au taa mbovu, aliyekataa kununua tairi ni tajiri, na aliyeadhibiwa ni mwajiriwa wake. Kwenye malori hali inageuka: dereva anaacha kazi na faini zake zinabaki kwa mwenye kampuni. Karatasi ya mashine ina nafasi ya namba ya leseni. Sioni kwa nini makosa ya uendeshaji yasifuate leseni, na makosa ya ubovu wa gari yakamfuata mmiliki.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike sura hii. Karatasi ile wengi wanaiita faini, ila kisheria ni taarifa ya kosa. Inakupa nafasi mbili: ukikubali, unalipa na shauri limekwisha, ukikataa, una haki ya kupelekwa mahakamani ambako upande wa mashtaka utatakiwa kuthibitisha. Askari hajakuhukumu, na hana mamlaka hayo. Amekupa njia ya mkato ambayo wewe unaweza kuikataa. Nimewauliza madereva wengi kama wanalijua hili. Wa mabasi makubwa wanalijua. Wa magari madogo, wenye digrii na wasio nazo, wengi wanadhani kukataa ni ubishi tu utakaomkasirisha afande na kuzaa kosa la pili.

Na hata anayejua, hebu afanye hesabu. Ameandikiwa Mikese akiwa njiani kwenda Mbeya. Ana hakika kibao hakikuwepo. Shauri litasikilizwa huko kosa lilikodaiwa kutokea, kwa hiyo akitaka kushinda atarudi kutoka Mbeya hadi mkoani Morogoro, atalala, atakula, atapoteza siku za kazi, na kesi inaweza kuahirishwa akarudi tena. Nauli ya kwenda peke yake inaimeza ile 30,000. Hivyo analipa, kwa simu, papo hapo, kwa kitu asichokubali. Mfumo unasomeka kuwa kosa limekubaliwa. Kulipa kumefanywa kuwe kwa dakika moja. Kukataa kumebaki pale pale kulikokuwa mwaka 1973.

Majirani zetu wanatufundisha jambo hapa. Uganda ilikuwa na utaratibu wa faini za papo kwa papo tangu 2004, na Juni 2025 ikawasha mfumo wa kamera unaosoma namba za magari na kutoza wenyewe bila askari. Kuzidisha mwendo hadi kilometa 30 juu ya kiwango kuliandikiwa shilingi 200,000 za Uganda. Zaidi ya hapo 600,000. Na maeneo kama ya shule na hospitali yalishushwa hadi 30 kwa saa. Malalamiko yalikuja kwa kishindo. Watu walikuwa wanapita barabara moja kila siku kwenda kazini, na faini zikawalundikia kabla hawajajua kuwa ile ya kwanza ipo. Ndani ya Juni hiyo hiyo serikali ikausimamisha mfumo. Wapo waliosema Waganda hawataki sheria. Mimi naona somo lake ni jingine: mashine iliharakishwa upande wa kutoza, na upande wa kumtaarifu mtu na kumsikiliza ukaachwa nyuma. Mfumo uliokuwa na nia ya kuokoa maisha ulipoteza watetezi kwa sababu hiyo.

Rwanda ni kisa cha tatu. Ukivuka daraja la Rusumo kutoka Ngara, kabla ya lolote unabadili upande: Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto, wakati Rwanda, Burundi na Kongo, kwa urithi wa Wabelgiji, wanaendesha kulia. Dereva wa lori la Dar es Salaam amekaa upande wa shimo, si wa katikati ya barabara, na kuovateki kwenye milima ile akiwa na usukani wa kulia ni kazi ya kubahatisha, ajizuie. Kisha anakutana na kamera ambazo Wanyarwanda wamezipa jina la Sofia. Sofia hapokei simu. Ujumbe wa faini unamfikia mwenye gari kwenye simu yake, na malipo ni ya simu vilevile. Huko nako watu walilalamika kuhusu viwango vya mwendo walivyoviona vya chini kupita kiasi, na mwaka 2021 Rais Paul Kagame mwenyewe alisema hadharani kwamba 40 kwa saa ni ndogo mno na akawataka wahusika watafute mizani. Sikumbuki mahali pengine katika ukanda huu ambapo kibao chenyewe, achilia mbali faini, kilijadiliwa kwa uwazi kutoka ngazi hiyo.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeshathibitisha kuwa inaweza kukubaliana kuhusu barabara ikitaka. Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka ukomo mmoja wa tani 56 kwa lori na mzigo wake, na Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019. Dereva wa masafa marefu anajua kwamba mzani wa Vigwaza na wa nchi jirani unasoma sheria moja. Mwendo na faini bado kila nchi na zake, na dereva mmoja kwa safari moja anakutana na viwango vitatu, sarafu tatu, na pande mbili za barabara. Sidai faini ziwe sawa kwa shilingi. Kinachowezekana kuwa sawa ni vitu ambavyo mtuhumiwa anastahili kuviona.

Vitu hivyo navitaja kwa upande wa Tanzania, kwa kuwa ndiko ninakolipa kodi. Picha ya tochi iwekwe kwenye ukurasa ule ule wa deni, ili aliyeandikiwa, au tajiri wake, au mnunuzi wa gari, aione bila kuomba. Pamoja na picha, iwekwe alama ya mahali kosa lilipotokea na mahali vibao viwili vilipo, cha kuanzia na cha kumalizia, na tarehe ambayo mtu wa barabara alivikagua mara ya mwisho. Kibao kikiwa kimeanguka, askari wa eneo hilo awe wa kwanza kuandika hivyo, kabla hajatoa tochi kwenye mkoba. Kiasi kifuate ngazi ya kosa. Na chini ya kitufe cha kulipa kiwepo cha pili, cha kukataa, kinachosimamisha nyongeza ya adhabu mpaka shauri liamuliwe.

Hadi hayo yatakapofanyika, dereva anayeamini hana kosa ana kazi ya kufanya papo hapo barabarani, kwa adabu na bila kupandisha sauti. Aombe kuiona picha na asome saa na mwendo. Amwambie askari kwa maneno ya wazi kwamba hakubali kosa na anataka kwenda mahakamani. Asilipe namba ile ya malipo, maana malipo ni kukiri. Arudi nyuma kwa miguu, apige picha za barabara kuanzia mahali kijiji kinapoanza, kibao kiwepo au kisiwepo, simu ikiwa imewashwa alama ya mahali. Aandike majina ya abiria walio tayari kusema walichokiona. Picha zile ndizo zitakazokuwa mezani kwa hakimu.

Na kuhusu umbali wa kwenda kwa hakimu huyo, jibu lipo tayari ndani ya Mahakama ya Tanzania yenyewe. Tangu wakati wa janga la Uviko-19 imezoea kusikiliza mashauri kwa video, mawakili na mashahidi wakiwa mikoa tofauti. Kesi za ardhi na za mikataba zinasogea hivyo. Shauri la mtu aliyeandikiwa Mikese na anayeishi Uyole lina shahidi mmoja mwenye sare nyeupe, picha moja ya tochi na picha chache za kibao. Linaweza kusikilizwa asubuhi moja, askari akiwa Morogoro na dereva akiwa kwenye chumba cha mahakama cha Mbeya.